Ofa Yenye Tarehe ya Kufa

Nilipolipa pauni 99 za kushikilia riba ya mkopo wa nyumba hapa Leicester, karani alisema bila haya: hazirudi. Waasisi wa biashara hii wasingemwelewa. Mwaka 1775 Richard Ketley, mwenye baa ya Golden Cross mjini Birmingham, alianzisha chama cha nyumba kilichofanana na upatu wetu: wanachama wanachanga kila mwezi, wanapata nyumba kwa zamu, na wa mwisho akishapata chama kinavunjwa. Barua ya ofa ya mkopo ingekuwa ya nini?

Sheria ya Uingereza ya 1986 iliviruhusu vyama vya nyumba kugeuka benki. Abbey National ikageuka 1989. Riba isiyobadilika ilipoenea, wakopeshaji walitenga fedha kwa bei ya leo wazitoe baadaye, na ada ikapata kisingizio (sitaki kuiita sababu). Ofa nyingi za mkopo huishi miezi mitatu hadi sita. Lakini England mauzo hayamfungi mtu mpaka pande mbili zibadilishane mikataba, na muuzaji wangu alikuwa akimsubiri muuzaji wake, naye wa kwake.

Septemba 2022, baada ya bajeti ndogo ya Kwasi Kwarteng, waziri wa fedha wa wakati huo, wakopeshaji waliondoa mikopo mingi sokoni. Mwenye ofa hai aliikimbiza kwa wakili. Iliyokwisha muda iliombwa upya, kwa riba ya siku hiyo, na ada nyingine juu.