Wanyama adimu: Chanzo cha kifo chao huchunguzwaje?

Msitu wa Cyamudongo, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, ni eneo dogo la miti lililozungukwa na mashamba. Ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, na ndani yake wanaishi sokwe wachache. Katika kundi dogo kama hilo, kifo cha mmoja ni pengo kubwa. Nyungwe ilikwisha kumpoteza tembo wake wa mwisho mwaka 1999, alipouawa na wawindaji haramu.

Mnyama adimu anapokufa, madaktari wa wanyamapori hutaka kujua kwanza iwapo aliuawa, aliugua au alipatwa na ajali ya asili. Kwa kuwa mzoga huoza upesi, kazi huanza mapema iwezekanavyo. Mahali ulipokutwa hukaguliwa ili kutafuta nyayo, damu au waya wa mtego. Kisha mzoga hupasuliwa, viungo huchunguzwa kimoja baada ya kingine, na sampuli hupelekwa maabara.

Umuhimu wa kazi hiyo unaonekana kwa gorila wa milimani. Mwaka 2009, kaskazini mwa Rwanda, ugonjwa wa kupumua uliikumba familia ya gorila iitwayo Hirwa, wakafa jike mmoja na mtoto mchanga. Vipimo vilibaini kirusi kinachotoka kwa binadamu.

Februari 2020, gorila wanne wa familia hiyohiyo, iliyokuwa imehamia Hifadhi ya Mgahinga nchini Uganda, walikutwa wamekufa. Dalili kwenye miili yao ziliashiria kupigwa na radi.

Miezi minne baadaye, katika msitu wa Bwindi, Uganda, dume mashuhuri aitwaye Rafiki alikutwa na jeraha la kitu chenye ncha kali tumboni. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Kila jibu lina hatua yake: radi haina mshitakiwa, jeraha la mkuki hufikishwa mahakamani, na kirusi huwalazimu wageni kuvaa barakoa, kukaa mbali na wanyama na kuahirisha ziara wanapoumwa.

Kwa wakazi wanaopakana na misitu, wataalamu wanashauri kutougusa mzoga wala kula nyama yake, kwani baadhi ya magonjwa huambukiza binadamu. Askari wa hifadhi wapewe taarifa mara moja, kabla ushahidi haujaharibika.