Kutoka Kuuliza Hadi Kujibu

Watu wakisikia nilisoma mawasiliano ya umma chuo kikuu, huuliza: "Kwa hiyo unatangaza redio gani?" Mimi niko gazetini, ila wengi niliosoma nao ni maafisa uhusiano. Kazi yao si kuuliza tena, ni kujibu.

Njia hiyo si mpya. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, si uandishi wa habari. Mwaka 1966 akawa mhariri wa magazeti ya TANU, The Nationalist na Uhuru; 1972 akahamia Daily News. Mwaka 1974 akawa Mwandishi wa Habari wa Rais Nyerere. Alivuka, lakini akiwa ameshahariri miaka minane.

Enzi hizo kazi wengi waliijifunzia kazini, au katika vyuo vichache kama Nyegezi, Mwanza, kilichoanza 1960. Shule ya Uandishi wa Habari ya Tanzania, jijini Dar es Salaam, ilikuja 1975. Baadaye Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, 1998. Ile ya Dar ikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cheti kikawa digrii.

Digrii hiyo imefungua milango: redio, matangazo ya biashara, mashirika, wizara. Sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba siku hizi wengi wanavuka kabla mhariri mkali hajawahi kuwarudishia habari hata moja. Asiyewahi kuuliza atajibuje vizuri? Na wote wakihamia upande wa majibu, maswali ya mwananchi atayabeba nani?