Malipo ya Mshahara: Wajibu wa Mwajiri Tanzania Bara

Wajibu wa mwajiri kuhusu malipo ya mshahara Tanzania Bara unatokana hasa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, iliyoanza kutumika Desemba 2006. Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya 2005. Kima cha chini hakimo katika sheria hiyo ya Bara. Hutangazwa kisekta kwa amri ya waziri mwenye dhamana ya kazi. Amri ya 2022, iliyoanza 1 Januari 2023, iliweka kima cha chini cha sh. 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, kiwango ambacho kwa kipimo chochote kilikuwa kidogo.

Kifungu cha 27 cha sheria ya Bara kinataka mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa, mahali pa kazi na ndani ya saa za kazi. Asiyelipwa kupitia benki hupewa fedha yake ndani ya bahasha iliyofungwa. Vyovyote iwavyo, hupewa pia maelezo ya maandishi yanayoonyesha alichochuma na kilichokatwa. Hayo ndiyo slipu ya mshahara. Wako waajiri wanaoiona slipu kuwa hisani ya ofisi kubwa, wakati fundi wa gereji ya watu watatu anastahili slipu kama karani wa benki. Pombe na dawa za kulevya haziwezi kuwa sehemu ya malipo.

Wiki ya kawaida ya kazi haizidi saa 45. Saa za ziada, au ovataimu, huwa za makubaliano, hazizidi 50 katika kila majuma manne, na hulipwa mara moja na nusu. Anayefanya kazi siku yake ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Saa za usiku zina nyongeza ya asilimia 5. Kupata thamani ya saa moja, mshahara wa msingi wa mwezi hugawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki. Mwenye sh. 390,000 anayefanya kazi saa 45 kwa wiki anapata takriban sh. 2,000 kwa saa, kwa hiyo ovataimu yake ni sh. 3,000. Mameneja wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika kanuni za saa za kazi, jambo linaloeleza kwa nini baadhi ya maduka yana “mameneja” wengi kuliko wauzaji.

Mgogoro mwingi uko kwenye makato. Mwajiri hukata pale tu anaporuhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au pale mfanyakazi alipokubali kwa maandishi kukatwa deni. Chukua mhudumu wa kituo cha mafuta mwenye mshahara wa sh. 240,000, anayefunga zamu akiwa na shoti ya sh. 100,000. Kuikata yote mwisho wa mwezi ni kosa, hata kama ndiyo desturi ya kituo. Kwanza hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Apewe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyopigiwa hesabu. Apate nafasi ya kupinga. Hata akionekana ana kosa, makato hayo hayaruhusiwi kuvuka robo ya mshahara, yaani sh. 60,000. Wala mwajiri haruhusiwi kumsainisha mtu kiasi kikubwa kuliko alichopokea.

Makato ya kisheria yana njia yake. Kwa yule wa sh. 390,000, katika mwezi usio na ovataimu, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) huchukua sh. 39,000 kama mchango wake wa asilimia 10, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho kutoka mfukoni mwake. Zinabaki sh. 351,000. Zinazozidi sh. 270,000 ndizo zinazotozwa kodi ya mapato ya ajira (PAYE), hapa kwa asilimia 8, nayo ni sh. 6,480. Mkononi anaondoka na sh. 344,520. PAYE huwasilishwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 kwa ajili ya Bodi ya Mikopo. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na tozo ya kuendeleza ufundi stadi ni mzigo wa mwajiri peke yake. Ikionekana kwenye slipu kama makato ya mfanyakazi, kuna jambo la kuhoji.

Maelezo ya ajira hutunzwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Shauri likifunguliwa na mwajiri akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Madai ya mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60 tangu mgogoro kutokea. Ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Aliyechelewa lazima kwanza aiombe Tume imwongezee muda, na aeleze kwa nini alichelewa.