Ngitili na mavuno ya mashamba madogo Shinyanga

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, nyasi na miti ipate kukua, kisha hulifungua katikati ya kiangazi malisho ya nje yanapokwisha. Kata ya Didia, Wilaya ya Shinyanga, imo katika ukanda mkavu ambako utaratibu huu ulikaribia kufa. Tangu enzi za Mwingereza mapori yalifyekwa kufukuza mbung'o, baadaye kupanua mashamba ya pamba; uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 ukawatenga wengi na ngitili zao. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza kwa msaada wa Norway, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Ulipomalizika mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000, na sehemu kubwa haikupandwa mche hata mmoja: visiki vilichipua vyenyewe, vikilindwa na sheria za wenyeji zilizosimamiwa na dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wapo wanaosema miti imerudi lakini gunia halijaongezeka, na kwamba kila ekari iliyofungwa imeporwa kutoka kwa mahindi. Hoja hiyo inapima shamba peke yake, ilhali mavuno ya Msukuma huanzia kwa maksai. Mvua za kwanza huwakuta ng'ombe wamekonda. Asiye na ngitili husubiri wapate nguvu ndipo afunge plau, na mahindi yaliyochelewa hukutwa na ukame yakiwa yanatoa mbelewele, wakati ambao kukosa maji hupunguza punje kuliko wakati mwingine wowote. Mwenye ngitili, ambaye maksai wake walikuwa na malisho kiangazi, hulima mapema. Tena kuni zikipatikana jirani, samadi haichomwi jikoni, hurudi kwenye luseni, udongo wa kichanga usioshika rutuba wala maji. Na aghalabu kinachofungwa ni mteremko uliochoka, si mbuga nyeusi ya majaruba ya mpunga.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Ngitili nyingi ni za kaya, na mwenye ng'ombe wengi ndiye anayefunga eneo kubwa. Asiye na mifugo huachiwa ardhi ya wazi inayozidi kupungua. Hilo ni kweli, na hekta 300,000 hazilifuti. Ngitili za kijiji, ambazo kuni, uyoga, dawa na nyasi za kuezekea hugawanywa kwa utaratibu wa wote, humsaidia maskini kuliko za watu binafsi, lakini ndizo rahisi kumegwa kwa mashamba au kukatwa mkaa viongozi wanapolegea. Kwa hiyo mpango wa matumizi bora ya ardhi, unaoandikwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni pembejeo kama mbegu na mbolea: mipaka ya ngitili ya kijiji isipoandikwa humo, kaya isiyo na ng'ombe haina pa kukata hata mzigo wa kuni.