Mnara wa Taa wa Chumbe: Jengo Lililopata Kazi Mpya

Sisi tuliozaliwa bara, huku Uganda, huenda tukakutana na maneno "mnara wa taa" kitabuni tusiutambue uzito wake. Mnara wa taa si pambo la pwani. Ni jengo refu lililosimamishwa karibu na mahali pa hatari, lenye taa kileleni, ili nahodha anayesafiri usiku ajue mwamba uko wapi na njia iko wapi. Leo tuutazame mnara mmoja ulioko katika kisiwa kidogo cha Chumbe, yapata kilomita 12 kusini mwa Mji wa Zanzibar.

Mnara huo ulijengwa na Waingereza mwaka 1904. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao tangu mwaka 1890, ingawa Sultani aliendelea kukalia kiti chake. Meli za safari za Zanzibar na Dar es Salaam zilipita karibu na Chumbe, na upande wa magharibi wa kisiwa hicho kuna mwamba wa matumbawe. Maji yakijaa, mwamba hufichika. Usiku ukiingia, hauonekani kabisa. Chombo kikiupanda, hutoboka. Mwaka 1926 mnara ukawekewa taa ya gesi.

Taa haijiwashi yenyewe. Kando ya mnara ilijengwa nyumba ya mtunza taa, na karibu yake msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi. Yatazameni majengo hayo matatu kwa pamoja: mnara ulikuwa kazi ya watu wale, nyumba ilikuwa maisha yao, na msikiti ulikuwa ibada yao. Vitabu vyetu vya historia hujaa majina ya masultani na magavana. Lakini usalama wa abiria gizani ulitegemea mtu aliyekumbuka kupanda ngazi kila jioni.

Miaka ikapita, maisha yale yakakoma, na nyumba ya mtunza taa ikawa gofu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndivyo ilivyokuwa: palipohitaji fundi mmoja wa kuziba nyufa, baadaye pakahitaji jengo zima kuinuliwa upya.

Juhudi za kukihifadhi kisiwa zilianza mwaka 1991, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba wa magharibi kuwa hifadhi. Gofu likakarabatiwa, likaezekwa paa kubwa la makuti, likawa kituo cha kupokelea wageni. Mnara ukabaki mnara. Wageni wanaolala kisiwani ni wachache kwa makusudi. Hutumia maji ya mvua yaliyovunwa paani na umeme wa jua. Fedha wanazolipa hugharimia ulinzi wa mwamba na ziara za wanafunzi wa Zanzibar wanaokwenda kuyaona matumbawe kwa macho yao.

Hapo ndipo historia ilipogeuka. Mnara ulijengwa ili kuvilinda vyombo dhidi ya mwamba. Leo wako watu kando ya mnara uleule wanaoulinda mwamba dhidi ya vyombo. Tena mageuzi hayo yalikuwa na mizizi ya zamani. Mashua ndogo zilikuwa zimezuiwa kuvua upande wa magharibi ili zisizibe njia ya meli kubwa, na kwa sababu hiyo matumbawe yalisalimika. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya meli iliwafaa samaki.

Je, mvuvi naye? Swali hili tusilikwepe. Kwa mtu ambaye chungu chake kinategemea bahari, neno "hifadhi" laweza kusikika kama mlango uliofungwa. Hifadhi ya Chumbe iliwaajiri waliokuwa wavuvi, ikawafunza kuwa walinzi. Hawabebi silaha, kazi yao kubwa ni kuzungumza na wavuvi wenzao na kuwaeleza kwamba samaki wanaozaliana kwa utulivu mahali pamoja huongezeka, kisha husambaa hadi maji ambako uvuvi unaruhusiwa. Sheria inayoelezwa na mtu anayeujua uchungu wako huingia moyoni kuliko ile inayotangazwa kwa bunduki.

Hata hivyo, tusidhani kazi imekwisha. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipanda mno, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka. Hakuna mlinzi awezaye kulizuia joto kwa mashua yake. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulifunga njia za wasafiri, na hifadhi inayoishi kwa fedha za wageni ikaonja hatari ya kutegemea kisima kimoja.

Funzo la uraia ni hili: jengo la kale haliokolewi na sifa, huokolewa na kazi. Likikosa kazi na watu, huwa gofu. Likipewa kazi inayowafaa wanaoishi karibu nalo, hupata watetezi.

Zoezi: Tafuta jengo moja la zamani katika wilaya yako. Waulize wazee kwa adabu: Lilijengwa kwa kazi gani? Nani walifanya kazi humo? Kisha uandike aya tatu ukipendekeza kazi ambayo lingeweza kufanya leo, na utaje nani angefaidika na nani angeweza kuumia.