Wapangaji wa Seva Moja

Aliyepata kuandika neno ng'ombe katika fomu ya tovuti miaka ishirini iliyopita, akabonyeza kitufe cha kutuma na kungoja andiko lake litokee, yamkini alilikuta limerudi na alama asiyoitia mwenyewe: ng\'ombe, kimstari cha mshazari kimesimama mbele ya ritifaa, ile alama ndogo ambayo bila yake Kiswahili hakiwezi kuandika ng'ambo, ng'oa wala Murang'a. Akilifungua andiko hilo ili alisahihishe, kisha akalituma tena, kimstari kimoja kiligeuka vitatu, na vitatu vikawa saba. Nimeyaona haya kwa macho yangu katika tovuti ya chama cha wafugaji niliyokabidhiwa kuitunza, ambamo hapakuwa na tangazo la mnada lisilokuwa na vimstari hivyo. Kwa muda nilimshuku mpiga chapa, nami nilimkosea, kwa maana alama zile zilitiwa na lugha ya PHP yenyewe, kwa hadhari iliyopita kiasi: watunzi wake walijua kuwa mhalifu aweza kuitumia ritifaa kuivuruga amri inayopelekwa katika hifadhidata, basi wakaifanya lugha iikinge kila ritifaa iingiayo bila ya kumwuliza mwandishi wa programu, na mwandishi aliyekuwa mwangalifu naye akaikinga mara ya pili.

Dawa ya kudumu ilikuwa kuhamia toleo la 5.4, lililotoka tarehe 1 Machi 2012, ambalo liliiondoa kinga hiyo kabisa. Lakini kuijua dawa na kuruhusiwa kuinywa ni mambo mawili, kwa sababu tovuti yetu haikuwa na nyumba yake. Ilipanga chumba katika seva ya kushirikiana, na seva za namna hiyo zina tarikhi inayostahili kusimuliwa, nayo haitengani na ya PHP yenyewe.

Mwaka 1994 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliandika kwa lugha ya C programu chache za kumwonyesha watu waliofika kusoma wasifu wake katika intaneti, na tarehe 8 Juni 1995 akazitoa bure kwa kila azitakaye. Hakukusudia kubuni lugha. Lugha ilikua mikononi mwake, siku kwa siku, kwa maombi ya walioitumia. Kisha Andi Gutmans na Zeev Suraski, waliokuwa wanafunzi mjini Haifa, waliiandika upya, na toleo la 3 likatoka Juni 1998. Ndani ya lugha hiyo liliachwa neno la Kiebrania ambalo liliwashangaza waandishi wa programu dunia nzima kila lilipozuka katika taarifa za makosa, Paamayim Nekudotayim, maana yake nukta mbili mara mbili. Na Mswahili akilitazama vema atalitambua, kwani nekuda yao na nukta yetu tuliyoipokea kwa Waarabu ni za nasaba moja.

Zama zizo hizo upangaji nao ukawa rahisi. Kanuni mpya za HTTP, zilizochapishwa mwaka 1997, zilikitaka kivinjari kitaje jina la tovuti kinayoitafuta, na hivyo mashine moja yenye anwani moja ikaweza kupokea wageni wa tovuti mamia kwa mamia. Kodi ikashuka hata mwenye duka dogo akaimudu. Fadhila hiyo, hata hivyo, ilikuja na taabu yake. PHP ilipachikwa ndani ya programu ya Apache, ambayo ndiyo bawabu wa seva, na bawabu akabeba toleo moja tu kwa wapangaji wote. Tena kazi za wote zilitendeka kwa jina la mtumiaji mmoja, ambaye katika seva nyingi aliitwa nobody, yaani si mtu. Kwa kuwa mbele ya mashine wote walikuwa huyo mmoja, programu ya mpangaji wa chumba hiki iliweza kulisoma faili la mpangaji wa chumba kile, pamoja na nenosiri la hifadhidata yake. Lugha ikapewa ulinzi wa kulinganisha mwenye programu na mwenye faili, nao ulikuwa dhaifu, ukaondolewa pamoja na ile kinga ya ritifaa.

Sasa fikiri hali ya mwenye seva siku toleo jipya lilipotoka. Akibadili, amebadili kwa wote, na asubuhi yake wale ambao programu zao ziliandikwa kwa desturi za kale wataamka na kurasa nyeupe zisizo na hata herufi; asipobadili, wanaotaka mapya watahama. Wengi walichagua kutotenda neno. Toleo la 5 lilitoka tarehe 13 Julai 2004, na miaka mitatu baadaye seva nyingi bado zilikuwa na toleo la 4: wenye seva wakisema wapangaji hawalitaki jipya, watunzi wa programu wakisema hawawezi kulitumia jipya maadamu seva hazina. Fundo hilo lilikatwa kwa mapatano. Miradi mikubwa, Drupal na phpMyAdmin ikiwamo, iliahidi katika kampeni ya GoPHP5 kwamba baada ya tarehe 5 Februari 2008 matoleo yake mapya yatadai PHP 5.2, na waundaji wa lugha nao walitangaza kuwa wataacha kulihudumia toleo la 4 mwaka huo huo. Nalihesabu tendo hilo kuwa la insafu, kwa kuwa hakuachwa mmoja kutangulia peke yake na kupata hasara.

Wakati huo wenye seva wengine walikuwa wamekwisha kubuni hila: toleo jipya likawekwa kando ya la zamani, na mpangaji aliyelitaka akayaita mafaili yake kwa kiishio cha .php5, au akatia mstari mmoja katika faili la .htaccess. Baadaye kazi ya kila mpangaji ilitendeka kwa jina lake mwenyewe, na mashirika kama CloudLinux yakaleta kichaguzi, orodha ndogo ya namba ndani ya paneli ya kuendeshea tovuti, ambayo kila mmoja huchagua humo toleo lake bila ya kumgusa jirani.

Ila pamoja na hiari kulihama jukumu. Toleo la 7, lililotoka tarehe 3 Desemba 2015, lilifuta amri za mysql_connect na ndugu zake, zilizokuwa zikitumika tangu zamani kufungulia hifadhidata, na wengi waliolichagua kwa sifa ya wepesi wake waliona tovuti zimezimika, ilhali kijana aliyewatengenezea amekwisha hamia mji mwingine na simu yake haipatikani. Hao hawakupata kuulizwa wataka lugha gani. Walilipa kodi, wakaamini kuwa chumba ni salama.

Mimi niliihamisha tovuti ya wafugaji usiku, baada ya kunakili kila kitu mara mbili. Asubuhi nilituma tangazo la majaribio lenye neno ng'ombe, nalo likarudi safi. Matangazo ya zamani hayakubadilika, kwa sababu vimstari vyake vilikuwa vimekwisha hifadhiwa pamoja na maneno. Nikaketi nikavifuta kwa mkono, tangazo baada ya tangazo, hata adhuhuri.