Skripti Zilivyoingia Kwenye Meza ya Msanifu Kurasa

Usanifu wa kurasa kwa kompyuta ulianza kushika kasi mwaka 1985, pale Aldus, kampuni ya Paul Brainerd ya Seattle, ilipotoa PageMaker kwa ajili ya Macintosh. Ikisaidiwa na printa ya LaserWriter ya Apple na lugha ya PostScript ya Adobe, programu hiyo iliwaondolea wasanifu mkasi na gundi. Haikuwaondolea kazi ya kurudiarudia. Aliyepanga katalogi alichora fremu ya picha, akachora ya maelezo, akabandika bei, kisha akaanza upya kwa bidhaa inayofuata, na kila mbofyo ulikuwa na nafasi yake ya kukosea.

Nafuu kubwa ilikuja mwaka 1993. Apple ilitoa AppleScript, lugha ya kuandikia skripti, yaani maagizo yanayopelekwa kutoka programu moja hadi nyingine. QuarkXPress, iliyokuwa ikitamba wakati huo katika magazeti na majarida, ilikuwa miongoni mwa programu za mwanzo kuipokea. Bei sasa ingeweza kuchukuliwa kwenye hifadhidata na kuwekwa ukurasani bila mtu kuigusa, na wachapishaji wakawa kati ya watumiaji wakubwa wa lugha hiyo. Tatizo lake halikuwa dogo: wenye Windows hawakufaidika nayo.

Adobe ilipoleta InDesign mwaka 1999, iliweka AppleScript upande wa Macintosh na Visual Basic upande wa Windows, hivyo skripti ya ofisi moja haikumfaa jirani mwenye mfumo mwingine. Toleo la CS la mwaka 2003 liliongeza JavaScript, na skripti ileile ikaweza kutumika pande zote mbili. Hatua hii ndiyo iliyostahili kusifiwa zaidi, kwani wasanifu walianza kupeana skripti.

Kwa skripti ya InDesign, waraka ni vitu vilivyomo ndani ya vitu: waraka una kurasa, ukurasa una fremu, fremu ina aya. Kukiulizia kitu kimoja kimoja kunakula muda. Kwenye kitabu chenye maelfu ya aya, anayeandika vizuri hutumia everyItem, amri inayobadilisha aya zote kwa mkupuo, na huzuia skrini isichorwe upya mpaka kazi iishe. Vilevile huifanya skripti nzima ihesabiwe kuwa tendo moja, ili ikiharibu kitu ifutwe mara moja.

Kwa wasio na fedha za leseni, Franz Schmid alianzisha Scribus mwaka 2001. Ni programu huria na ya bure, na skripti zake huandikwa kwa Python.

InDesign, kwa upande wake, iliendelea kwa miaka mingi na ExtendScript, iliyojengwa juu ya kiwango cha JavaScript cha mwaka 1999. Matoleo ya karibuni yameleta UXP, yenye JavaScript ya kisasa, lakini skripti za zamani bado zinafanya kazi kando yake.